Kijana wa Chuo Kikuu, Simu na Kazi Iliyoahirishwa



Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Agosti, vyuo vikuu vya Uganda huanza mwaka mpya wa masomo, na katika kambi za Bombo na Mbuya, na katika nyumba za polisi za Nsambya na Naguru, huanza hesabu ileile: karo, malazi, chakula na nauli. Askari wengi huilipa hesabu hiyo kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, Wazalendo kwa upande wa jeshi na Exodus kwa upande wa polisi, kisha mkopo huo hukatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi. Basi si ajabu mzazi wa namna hiyo akighadhibika anapopata habari, baada ya miaka mitatu ya kukatwa, kwamba jina la mwanawe halimo katika orodha ya wanaotunukiwa shahada. Akiuliza sababu, mara nyingi haambiwi kwamba kijana alikosa akili ya kuyamudu masomo. Huambiwa kwamba kazi fulani haikumfikia mhadhiri kwa wakati, kwamba tasnifu haijakwisha, kwamba somo moja la mwaka wa pili lingali likingoja kurudiwa. Na akizidi kuuliza, jibu la mwisho huwa ni neno moja: simu.

Maoni yetu ni kwamba jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na kwamba nusu hiyo, ikichukuliwa peke yake, imekwisha kuwapoteza njia wazazi wengi, walimu wengi, na hata serikali kadhaa za ulimwengu.

Yafaa kwanza tuyatazame maisha anayoyatoka kijana huyu na yale anayoyaingia. Katika shule za sekondari za bweni za Uganda, kengele humwamsha mwanafunzi, kengele humpeleka darasani, kengele humrudisha kwenye masomo ya jioni, na simu ya mkononi ni kitu cha marufuku. Kiranja yupo, mwalimu wa zamu yupo, na asiyekuwapo mahali pake hujulikana kabla ya dakika kumi kupita. Miezi michache baadaye kijana huyohuyo yumo katika chuo kikuu, hapana kengele, na simu anayo mfukoni usiku na mchana. Muhula wa Makerere una majuma 17, na mawili ya mwisho ni ya mitihani. Mhadhiri aweza kutoa kazi ya kuandika katika juma la 4 na kuitaka katika juma la 11. Kati ya majuma hayo mawili hapana mtu anayeuliza chochote. Aliyezoea kuongozwa na kengele kwa miaka sita huachwa ghafla ajiongoze mwenyewe, na hakuna aliyemfundisha namna ya kufanya hivyo.

Na simu yenyewe si mchezo mtupu. Tangu Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, sehemu kubwa ya masomo ilihamia katika intaneti, na sehemu yake ikabaki huko hata baada ya milango kufunguliwa. Mihadhara ya Makerere huwekwa katika MUELE, ambao ni mtandao wa masomo wa chuo hicho. Habari kwamba chumba cha mhadhara kimebadilishwa hupitia WhatsApp. Fedha za chakula hutumwa kwa simu. Na tangu Machi 2007, vikosi vya Uganda vilipofika Mogadishu, kuna watoto wengi wa askari ambao kwa miezi mingi wamemjua baba au mama kwa njia ya simu tu. Kwa hiyo mzazi anayemwambia mwanawe atupe simu, anamwambia atupe pamoja nayo daftari, ubao wa matangazo, mfuko wa fedha na sauti ya mzazi mwenyewe. Amri ya namna hiyo haitekelezeki, na askari ajua vema kwamba amri isiyotekelezeka huivunjia heshima hata ile inayotekelezeka.

Ni kweli, hata hivyo, kwamba chombo hiki kimeundwa kwa hila. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Mpira una kipenga cha mwisho. Hata kilabu cha pombe hufungwa. Mnamo mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usiokuwa na mwisho, ambao kila ukiuvuta chini huongezeka, na baadaye mwenyewe akajuta hadharani kwa aliyoyaona yakifuata. Makampuni yenye mitandao hiyo hupata fedha kwa matangazo, na kadiri mtu anavyokaa ndivyo matangazo yanavyomfikia. Ongeza hapo jambo dogo la kwetu: makampuni ya simu huuza vifurushi vya usiku kwa bei nafuu kuliko vya mchana, na kijana asiyekuwa na fedha nyingi huvutwa kuyahamishia usiku mambo yake yote, ya masomo na yasiyo ya masomo. Kesho yake saa mbili asubuhi, katika mhadhara, mwili upo na macho yamefungwa.

Lakini hata tukiyakubali hayo yote, bado hatujajibu swali lenyewe. Mbona mwanafunzi huyo huyo, kwa simu hiyo hiyo, huweza kukaa saa tatu mfululizo akifanya kazi anayoipenda? Na mbona ajizi ilikuwako vyuoni kabla ya simu kuzaliwa?

Wahenga walisema ajizi nyumba ya njaa, nasi tumezoea kuichukua ajizi kuwa ni uvivu. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mvivu hataki kufanya kazi, na kutofanya kwake hakumsumbui. Mwenye kuahirisha anataka kuifanya, anajua tarehe yake, huiwaza akila na huiwaza akioga, na bado haianzi. Tumtazame kijana mmoja, tusiyemtaja jina kwa kuwa ni wengi. Saa mbili usiku anaketi ili aandike sura ya kwanza ya tasnifu yake. Anafungua kompyuta, anaandika kichwa cha habari, kisha anasimama hapo. Hajui sentensi ya kwanza iwe ipi. Anakumbuka kwamba kazi yake iliyopita ilirudishwa ikiwa na wino mwekundu kila ukurasa. Anakumbuka karo na anayeilipa. Kifua kinamwelemea. Mkono, bila ya yeye kuamua, unaifikia simu, na mara ule uzito unapungua. Anajiambia dakika tano. Saa saba za usiku yungali pale pale. Tena tusidhani kwamba alikuwa akistarehe, maana anayeikimbia kazi haonji raha ya mchezo wala ya usingizi.

Kwa hiyo mtu huyo hakuikimbia kazi. Aliikimbia hofu iliyomo ndani ya kazi, na simu ilikuwa ndiyo handaki lililo karibu. Wanasaikolojia waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi, kama Timothy Pychyl wa Kanada na Fuschia Sirois, wanasema hivyo hivyo: kuahirisha ni namna ya kutafuta nafuu ya moyo ya sasa hivi, na kuyaacha maumivu yamngojee mtu yule yule baadaye. Mwaka 1997 Dianne Tice na Roy Baumeister wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi waliowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Waligundua kwamba mwanzoni mwa muhula wale waahirishaji walikuwa na wasiwasi mdogo na maradhi machache kuliko wenzao. Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini mwishoni mwa muhula walikuwa na wasiwasi zaidi na maradhi zaidi, na alama zao zilikuwa za chini. Nafuu ya mwanzo haikutosha kulifidia deni la mwisho. Wala tusifikiri kwamba hao ni watu wachache. Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary, aliyekusanya pamoja tafiti nyingi mwaka 2007, alitaja makadirio kwamba kati ya asilimia 80 na 95 ya wanafunzi wa vyuo huahirisha kazi kwa kiasi fulani, na kwamba karibu nusu yao hufanya hivyo kila mara, kwa namna inayowaletea matatizo.

Je, ni ugonjwa? Siku hizi neno la uraibu wa intaneti limekuwa jepesi mdomoni, nalo lahitaji uangalifu. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeutambua ugonjwa wa michezo ya kompyuta, na limeuwekea masharti mazito: mtu ashindwe kujizuia, mchezo uyatangulie mambo mengine yote ya maisha, aendelee ingawa anaona madhara, na hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu kwa muda wa miezi 12. Kuitumia mno intaneti kwa jumla hakukutajwa kuwa ugonjwa unaosimama peke yake. Wako vijana wanaofika katika hali ya kuhitaji daktari: asiyekula, asiyeoga, asiyetoka chumbani, anayeuza vitu vyake ili apate vifurushi au acheze kamari ya mpira kwa simu. Huyo apelekwe kwa wataalamu bila kuchelewa. Lakini wengi hawako huko. Wengi ni wazima walio katika mazoea mabaya, na kumwita mtu mzima mgonjwa humpa udhuru asiouhitaji.

Sasa na tuyaangalie yale yaliyojaribiwa. Tarehe 1 Julai 2018 Serikali ya Uganda ilianzisha kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii. Kulikuwa na haja ya mapato, na ilielezwa pia kwamba kodi hiyo ingesaidia kupunguza lugambo, yaani umbea. Watu wengi walijifunza upesi kutumia programu za kukwepa, mapato yakawa sehemu ndogo tu ya yaliyotarajiwa, na mwezi wa Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Korea ya Kusini nayo ilitunga sheria mwaka 2011 ya kuwafungia michezo ya kompyuta watoto walio chini ya miaka 16, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2021 serikali hiyo iliamua kuifuta, kwa kuwa vijana walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye michezo ya simu, ambayo sheria ile haikuigusa. Ukilifunga lango moja, mwenye kukimbia hutafuta jingine.

Habari ya China yawahusu askari kwa namna ya pekee. Mwaka 2005, katika hospitali ya jeshi la mkoa wa Beijing, daktari mwanajeshi aitwaye Tao Ran alianzisha kituo cha kuwatibu vijana walioshindwa kuiacha intaneti. Vijana walivaa sare, waliamshwa alfajiri na kufanyishwa kwata, lakini palikuwa pia na madaktari, dawa, na mazungumzo pamoja na wazazi. Watu wengine walioona biashara hapo wakafungua kambi zao, wakaichukua kwata na kuyaacha mengine. Mwezi wa Julai 2009 Wizara ya Afya ya China ililazimika kupiga marufuku matumizi ya mishtuko ya umeme kwa vijana wa namna hiyo. Mwezi uliofuata, katika jimbo la Guangxi, mvulana wa miaka 15 alifariki kwa kupigwa, saa chache tu baada ya wazazi wake kumfikisha kambini na kulipa ada. Wazazi wale walimpenda mtoto wao. Walidhani kwamba nidhamu ni kitu kinachoweza kununuliwa kwa mtu mwingine na kuingizwa mwilini kwa fimbo.

Tunayasema hayo kwa sababu baba au mama aliyelelewa katika jeshi au polisi huwa na silaha moja iliyo karibu na mkono wake, nayo ni amri. Na ikishindwa amri, adhabu. Mwaka 2010 Michael Wohl na Pychyl na mwenzao wa tatu walichapisha habari za wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walioahirisha kujitayarisha kwa mtihani wa kwanza. Wale waliojisamehe kwa kosa hilo waliahirisha kwa kiasi kidogo zaidi mtihani wa pili ulipokaribia. Wale walioendelea kujilaumu hawakupata faida hiyo. Maana yake ni wazi ukikumbuka yule kijana wa saa mbili usiku. Ikiwa anaikimbia kazi kwa sababu inamtia hofu na aibu, basi kila karipio jipya huongeza kile kile anachokikimbia. Baba akipiga simu Jumapili na kufoka kwa dakika kumi, Jumapili usiku kijana atakuwa na haja kubwa zaidi ya kujificha.

Hata hivyo, askari anayo mambo ya kumfundisha mwanawe, na pengine kuliko mzazi mwingine yeyote. Tutazame jinsi lindo linavyopangwa. Kamanda hamwambii askari wake, "Usiku huu uwe macho," kisha akaenda kulala. Angefanya hivyo, kambi ingekwisha kuvamiwa. Humpa lindo linalojulikana, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Humwambia ni nani atakayempokea, na akimwona mtu gizani afanye nini kwanza na nini baadaye. Tena hamwachi pale usiku kucha, kwa kuwa yajulikana kwamba macho ya mtu huchoka baada ya saa chache. Askari mwenye usingizi na askari hodari wote hupewa utaratibu ule ule, maana jeshi halikuuweka ulinzi wake juu ya ushujaa wa moyo wa mtu mmoja.

Lakini mwanafunzi tunamwambia nini? Tunamwambia, "Soma kwa bidii." Hilo ni sawasawa na kumwambia mlinzi awe macho.

Mtaalamu wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alilipima jambo hilo. Yeye na mwenziwe, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 1997, waliwaomba wanafunzi waandike habari fupi ya jinsi walivyoishinda siku ya mkesha wa Krismasi na kuileta ndani ya siku mbili baada ya mkesha huo. Wote walikubali. Nusu yao waliombwa zaidi waandike mapema ni saa ngapi na mahali gani wataifanya kazi hiyo. Katika kundi hilo kiasi cha robo tatu waliileta kwa wakati. Katika kundi lililobaki na nia njema tu, waliifanya kiasi cha thuluthi moja. Hawakutofautiana kwa akili wala kwa bidii. Kundi moja lilikuwa na lindo na saa, jingine lilikuwa na nia.

Basi kazi ya kwanza ya mzazi, au ya kaka aliye kikosini, ni kumsaidia kijana aikate kazi kubwa vipande na kukipa kila kipande saa na mahali. Kusema nitaandika tasnifu muhula huu hakumfikishi popote. Aseme, Jumanne saa tatu asubuhi, orofa ya pili ya maktaba, nitaandika ukurasa mmoja wa sababu za utafiti, hata uwe mbaya. Hayo maneno ya mwisho yana uzito, kwa kuwa ukurasa mbaya hurekebishwa, na ukurasa mweupe haurekebishiki. Kipande kiwe kidogo hata kisiogopeshe. Mtu akishaanza, hofu nyingi huyeyuka yenyewe. Ugumu wote ulikuwa mlangoni.

Kazi ya pili ni kuisogeza simu mbali wakati wa zamu, badala ya kuipiga marufuku. Wakati wa kuandika, iwe imezimwa, au iwe katika begi la rafiki aliye meza nyingine, na rafiki yule naye aweke yake kwake. Zamu ikiisha, kila mmoja arudishiwe, atazame anachotaka kwa nusu saa bila kujificha na bila aibu. Mihadhara iliyo katika MUELE ipakuliwe kabla, ili asiwe na udhuru wa kuwasha intaneti. Na vifurushi vya usiku, ingawa ni rahisi kwa bei, mzazi anayeweza afanye hesabu upya: tofauti ya shilingi chache kati ya usiku na mchana si kitu mbele ya karo ya somo linalorudiwa.

Ya tatu ni ya walimu wenyewe, nasi hatuna budi kuitaja ingawa wasikilizaji wetu hawana mamlaka juu yake. Mwaka 2002 Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walieleza jaribio walilolifanya katika chuo cha MIT, Marekani, kwa watu wazima wenye kazi zao waliokuwa wakisoma huko. Kundi moja liliwekewa tarehe tatu zilizogawanyika sawa kwa ajili ya karatasi tatu. Kundi jingine liliruhusiwa kujichagulia tarehe. Wengi wa hawa wa pili walijiwekea tarehe za mapema, ishara kwamba waliijua tabia yao, lakini hawakuzipanga vizuri, na kwa jumla alama zao zilikuwa chini ya za wale waliopangiwa. Mhadhiri anayetoa kazi ya majuma saba bila kutaka kuona muhtasari katika juma la pili na rasimu katika la tano, amejipunguzia kazi yeye na kuwaongezea wanafunzi wake hatari. Twajua madarasa ni makubwa na wahadhiri ni wachache. Lakini kuutaka ukurasa mmoja, hata bila kuusahihisha, hakugharimu sana.

Mahali ambapo mhadhiri haulizi, mzazi aweza kuuliza, na hapa namna ya kuuliza ndiyo jambo lenyewe. Swali la "Unasoma?" lina jibu moja tu, nalo ni "Ndiyo, baba." Swali la "Masomo yanakwendaje?" nalo lina jibu lake, "Vizuri." Mzazi amekata simu akiwa ameridhika, na hakuna alichokijua. Afadhali aulize: juma hili ulikuwa na kipande gani, kimefika ukurasa wa ngapi, na msimamizi wako utamwona siku gani? Na kijana akijibu kwamba hakuandika kitu, asikaripiwe; aulizwe ni nini kilichomkwamisha, na kipande kipunguzwe, na siku ya kuripoti iwe ya karibu zaidi. Askari yeyote aliyepata kupeleka ripoti kituoni anajua kwamba mahali ripoti mbaya inapoadhibiwa, ripoti zote huwa nzuri, na makao makuu huwa ya mwisho kuijua hali ya vita.

Kijana akizidiwa, yapo mahali pa kumpeleka. Makerere ina kituo chake cha ushauri nasaha kwa wanafunzi, na vyuo vingine vya umma vina ofisi za mlezi wa wanafunzi. Vijana wengi hawaendi huko kwa kudhani kwamba ni mahali pa waliorukwa na akili. Mzazi akisema waziwazi kwamba kwenda huko hakuna tofauti na askari kwenda kwa daktari wa kikosi, amekwisha kuuondoa mlima.

Limebaki jambo moja, nalo ni la wasikilizaji wetu ambao wao wenyewe ni wanafunzi. Maofisa na askari wa vyeo mbalimbali wamejiandikisha katika vyuo vikuu, wengine kwa masomo ya jioni, wengine ya mwisho wa juma. Kwao ajizi ina sura nyingine, kwa sababu udhuru wao ni wa kweli: kuna zamu, kuna uhamisho, kuna safari ya ghafla kwenda Karamoja au nje ya nchi. Udhuru wa kweli ni hatari kuliko wa uongo, kwa kuwa hakuna anayeweza kuulaumu, hata mwenyewe. Miezi miwili ya operesheni hugeuka mwaka mmoja wa kutofungua daftari, na mtu huona haya kumwandikia msimamizi wake baada ya kimya kirefu hivyo, na kwa kuona haya kimya huzidi. Kwa huyo twasema tu kwamba wasimamizi wamezoea kimya cha wanafunzi wao kuliko anavyodhani. Ujumbe wa mistari mitatu watosha: nilikuwa kazini, kazi imefika hapa, nitakuletea kurasa tano tarehe fulani. Asingoje mpaka awe na sura nzima ya kuonyesha. Na kabla ya kuondoka kwa safari nyingine, amwandikie msajili aombe kusimamisha masomo kwa muda, maana mwaka ulioombewa ruhusa haumhesabiwi, bali ule uliopita kimya humla katika muda wake wa kumaliza shahada.